Ahadi ya Lita Ishirini

Idara ya Ustawi wa Viumbe Vidogo inawatangazia wananchi wote kwamba vimelea vya malaria vya wadi yetu havitalala njaa tena.

Tangazo hilo nililisoma mimi mwenyewe, Okinyi, katibu wa Kamati Maalum ya Lishe ya Vimelea, mbele ya hema mbili na viti vingi vya plastiki, baadhi vikiwa na watu.

Suala lenyewe ni rahisi. Katika maabara moja karibu na Kondele, hapa Kisumu, Daktari Celestine anafuga vimelea vya malaria ndani ya chupa. Hula damu ya binadamu, hupenda joto la mwili, na hewa nyingi haviitaki. Kwa hiyo chupa huwekwa ndani ya mtungi wa kioo pamoja na mshumaa unaowaka, kifuniko kinafungwa, na mshumaa ukizimika wenyewe vimelea hustarehe. Daktari anavifuga ili Ijumaa avijaribie vidonge vya zahanati yetu, aone kama bado vinaua malaria ya huku ziwani. Ila damu ilikuwa inaisha. Vimelea visipokula hufa, na kazi ya miezi mingi hufa navyo.

Aliandikia Idara kuomba mfuko mmoja wa damu. Idara haina uwezo wa kutoa mfuko mmoja wa damu. Ina uwezo wa kuunda kamati.

"Nimeomba mfuko mmoja tu," alisema Celestine.

"Daktari, mfuko mmoja ni kitu kidogo mno kwa kamati ya watu kumi na mmoja," nilimweleza. "Tutafanya harambee."

Harambee ilifana. Naibu mwenyekiti aliahidi painti mbili, moja taslimu na nyingine mwisho wa mwezi. Manubhai, mwenye duka la jumla, aliahidi katoni ya mishumaa, na kwa kuwa aliileta papo hapo, ilidhihirika kwamba hajui taratibu za harambee. Kisha mgeni rasmi, mwenyekiti wetu Mheshimiwa Ogola, akashika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Mimi," alisema, "mimi na rafiki zangu, tunatoa lita ishirini!"

Makofi yalipotulia, Jacinta, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Kondele, alisimama bila kuruhusiwa.

"Mheshimiwa, na dawa je? Kila siku zahanati inatuambia turudi Jumatatu."

"Mama Jacinta, leo ni siku ya damu. Siku ya dawa itatangazwa."

Siku ya kukusanya ahadi, rafiki zake wote walikuwa Nairobi kikazi. Mheshimiwa alikuja peke yake, pamoja na wapiga picha watatu, akatoa mfuko mmoja. Celestine hakuumwaga katika chupa zote. Alilisha chupa moja tu kwanza, ya tatu, akasema anataka kuona. Niliandika kwamba mtaalamu ameonyesha dalili za kutomwamini kiongozi.

Asubuhi yake aliinua uso kutoka kwenye darubini.

"Chupa ya tatu, vimekufa vyote. Ambavyo havikula damu ya Mheshimiwa viko sawa."

Nilikuwa nimeanza kuandaa risala ya rambirambi Mheshimiwa, aliyekuja kuona matokeo, aliponizuia.

"Ngoja, Katibu. Daktari, unasema damu yangu inaua malaria?"

"Nasema kuna kitu ndani yake. Umemeza dawa ya malaria hivi karibuni?"

"Sijameza hata kidonge kimoja! Kidonge nitakitoa wapi, na zahanati haina?"

Hoja hiyo haikuwa na pengo. Saa sita mchana alikuwa amesimama juu ya pikapu Kondele.

"Watu wangu! Mbu akiniuma mimi, malaria inajuta!"

"Omera, ndugu yangu, basi tupimie!" mwendesha boda boda mmoja alipaza sauti, na wenzake wakapiga honi.

Kamati ilikutana mara moja. Azimio nililiandika mimi, na nalionea fahari hadi leo: kwa kuwa zahanati haina dawa, na kwa kuwa damu ya Mwenyekiti ni dawa, Mwenyekiti atahesabiwa kuwa bohari ya zahanati hadi taarifa nyingine itakapotolewa. Mheshimiwa alitia saini. Huwa anatia saini kabla ya kusoma, ili kuokoa wakati wa wananchi.

Kesho yake foleni ilianzia mlangoni kwake ofisini ikapinda kona. Watu walibeba vikombe, jagi na chupa za soda. Jacinta, aliyekuwa wa kwanza, alikuwa na gorogoro, mkebe ule wa kupimia mahindi.

"Mheshimiwa, hatukusumbui. Jaza nusu tu."

"Mama, hii ni damu!"

"Si ulisema ni dawa? Mzee wangu ana homa tangu juzi. Nyosha mkono, baba."

"Usibane, Mheshimiwa!" walisema wa nyuma. "Na sisi tuko!"

"Daktari, waambie!"

Celestine alikuwa amefika na sindano, mpira wa kufungia mkono, na nakala ya azimio.

"Azimio lina saini yako," alisema. "Lakini nimepiga hesabu. Kumtibu mtu mmoja hivi, damu yako yote haitatosha. Na foleni ni ndefu."

"Kwa hiyo?"

"Damu peke yake haiui vimelea namna ile. Kilichoua ni dawa iliyo ndani yake. Ama dawa hiyo iko kwenye maboksi mahali fulani, ama maboksi ni wewe. Nianze na mkono gani?"

Mheshimiwa aliitazama sindano. Akaitazama gorogoro.

"Ziko Migosi," alisema kwa sauti ndogo.

"Nini iko Migosi?" aliuliza Jacinta.

"Katoni. Za zahanati. Nilizihifadhi nyumbani kwangu kwa usalama. Zahanati haina kufuli nzuri."

"Na ulikuwa unazila?"

"Nilikuwa nahakikisha ubora."

Niliandika katika kumbukumbu kwamba ubora umehakikishwa. Waendesha boda boda walikwenda Migosi na kurudi na katoni kabla chai ya ofisini haijapoa. Kwa kuwa watu wa foleni walikuwa tayari na muda, Celestine aliwauliza nani hajameza dawa yoyote na anaweza kuchangia mfuko. Jacinta alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa blauzi. Waliokuja kuchukua damu wakaondoka wameitoa, na hakuna hata mmoja aliyeahidi chochote, jambo ambalo Kamati inalichunguza.

Ijumaa vidonge vilijaribiwa juu ya vimelea vilivyoshiba. Vinaua vizuri. Mume wa Jacinta alipata dozi yake, na alipopona alimtuma mkewe aje kuulizia gorogoro, ambayo ilikuwa imebaki ofisini kama kielelezo.

Mheshimiwa aliacha kuhakikisha ubora. Wiki chache baadaye nilimkuta ofisini adhuhuri, Kisumu inachoma, amevaa sweta mbili na meno yanagongana. Nilimpeleka zahanati. Alielekea moja kwa moja dirishani.

"Foleni inaanzia kule, baba," alisema Jacinta, aliyekuwa kwenye foleni, bila kugeuka.

Alianzia kule. Zamu yake ilipofika, Celestine alimtoa damu na kuipeleka kwenye darubini. Akatazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Mheshimiwa, utapewa dozi sasa hivi. Ila vimelea vyako ni vingi na vina afya nzuri sana. Naomba nivifuge."

Mheshimiwa aliitikia kwa kichwa, au alikuwa anatetemeka tu. Kamati imechukulia kwamba aliitikia.

Kwa hiyo Idara ina furaha kuwatangazia wananchi kwamba ahadi ya harambee imeanza kutimizwa. Mheshimiwa alisema ataleta damu, yeye na rafiki zake. Damu imefika, na rafiki zake wamo ndani, hai, wanaongezeka. Wamewashiwa mshumaa wa Manubhai na kupewa chupa ya tatu, ambayo nimeiandikia lebo kwa mkono wangu: Ogola na Rafiki Zake.