Hamaki Yangu na Hema la Fiston

Jamani, leo nimejidhalilisha mtaani Mutanga Nord, mchana kweupe, mbele ya watu tisa na mbwa.

Mnajua mimi ni fundi cherehani hapa Bwiza. Sketi, sare za shule, mapazia. Wiki iliyopita nilipigiwa simu na Madamu Consolata, muuguzi mstaafu anayeongoza kikundi cha kupanda milima. Wanatembea siku mbili, mizigo yote mgongoni, na wengi wao magoti yameshachoka. Kwa hiyo wanataka kitu chepesi cha kulalia, vipande tisa, na atakayeleta chepesi zaidi ndiye atakayepewa kazi. Sijawahi kupata oda ya vipande tisa vya chochote (isipokuwa mito ya harusi moja, na harusi yenyewe ikavunjika).

Mshindani wangu alikuwa Fiston, fundi kutoka Uvira anayeshona mahema na maturubai mtaa wa pili. Mtu mpole, maneno machache. Yeye alishona hema. Mimi nikashona hamaki, kile kitambaa cha kulalia kinachofungwa kati ya miti miwili, ukabembea humo kama mtoto mgongoni mwa mama. Nilitumia nailoni nyembamba iliyoshuka bandarini kutoka Kigoma. Nikaipima kwa jirani yangu muuza sukari. Nusu kilo! Nilikwenda Mutanga nikitembea kama bibi harusi.

Uani kwa Madamu kulikuwa na mizani ya ndoano, ile ya wasafiri ya kuning'inizia mabegi. Hema la Fiston likapimwa: kilo mbili na nusu. Hamaki yangu: nusu kilo. Watu wakapiga makofi. Nikamtazama Fiston kwa huruma (Mungu anisamehe).

Ndipo Madamu akaniuliza, taratibu tu, kamba ziko wapi. Nikazitoa, zikatundikwa. Akauliza la mvua. Nikatundika turubai la juu. Mbu je? Nikatundika chandarua cha zipu. Akasema upepo wa mlimani unapita chini ya mgongo, kwa hiyo nikaongeza na godoro jembamba. Kila nilichotundika, mshale ukasogea, nami jasho likashuka. Mwisho ukasimama kwenye kilo mbili na robo. Bado nilikuwa mbele, kwa robo kilo. Nikapumua.

Mzee Ramadhani, aliyebeba magunia bandarini ujana wake wote, mmoja wa wapanda milima hao, alikuwa amekaa kwenye kiti. Akaniita.

"Mwanangu, kule juu utaifunga kwa muti gani?"

Nikamjibu miti si ipo.

"Apana. Kule tunalalaka kuko majani tu, na ng'ombe."

Mimi huko milimani sijawahi kufika (nikipanda ngazi tu naomba maji). Mtu mwenye akili angekunja kitambaa chake akaaga. Mimi nikasema haina shida, mbona mna fimbo za kutembelea?

Nikachomeka fimbo mbili ardhini. Nikafunga kamba. Nikaingia na kitenge changu, nikavuta zipu ya chandarua mpaka mwisho. Kwa muda wa kusema Bismillahi, mambo yalikuwa mazuri. Kisha fimbo zikainamiana pole pole, kama wakwe wanaosalimiana. Nikashuka nazo. Makalio yakakuta jiwe, kitambaa kikanifunika, zipu ikauma kitenge. Nikawa sambusa, na nyama ndiyo mimi. Mbwa akaja kuninusa.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilisikia tu sauti ya Madamu, ile ya hospitali:

"Dada Mwajuma, unapumua?"

Nikasema napumua. Nilikuwa karibu kulia.

Fiston alipiga magoti, akahangaika na zipu bila kuchana kitu, akanitoa. Nikamngoja aseme neno, nilikuwa nalistahili. Yeye alikuwa anasugua nailoni yangu kwa vidole.

"Dada, iyi kitambaa ni kama haiko. Hema yangu uzito yake ni kitambaa tu. Mi niko na vyuma vyepesi. We uko na iyi."

Madamu alisikia. Akatupa wiki mbili tushone hema moja pamoja, kitambaa changu, vyuma vyake. Likiwa chini ya zile kilo mbili na robo, oda yote ni yetu wawili. Mzee Ramadhani naye akasema hamaki isirudi Bwiza. Ataifunga barazani kwake kwenye nguzo mbili za saruji, mgongo wake umechoka na kitanda.

Njiani kurudi, mimi na Fiston tulishaanza kubishana kuhusu mishono. Kesho asubuhi tunaanza. Yeye atakaa kwenye cherehani, mimi nitakata kitambaa nimesimama, kwa sababu ya lile jiwe. Mkipita dukani, tafadhali, asitokee mtu wa kunikaribisha kiti.