Besi Kwenye Siti ya Nyuma

Jumatatu, 4 Machi
Kazini peke yangu tena. Gari zima, mimi na mwavuli. Zamani wenzangu watatu wa ofisini walipanda kwangu kila asubuhi. Sasa wote wamehamia kwa Mhasibu. Leo wamenipita wakicheka mpaka vioo vimeingia ukungu. Nimejua sababu. Redio! Yangu ni ileile ambayo gari lilitoka nayo kiwandani, inashika stesheni moja tu, na hiyo ni ya matangazo ya vifo. Nani apande?
Mke wangu bado yuko kwa dada yake. Anapumzika. Huu ni mwezi wa tatu tangu aende. Mtu huchoka!

Jumanne, 5 Machi
Nimekwenda kwa fundi redio. Ameniuliza nataka kusikia au kusikika. Swali gani hilo? Kusikika! Basi, akasema, spika za milangoni hazitoshi, lazima sanduku la besi. Kwenye buti halikuingia. Tumeng'oa siti ya nyuma. Sanduku limekaa pale kama bibi harusi.
Jioni nimempigia mke wangu asikie mwenyewe. Nadhani aliniuliza kama nimekula. Besi ilikuwa juu. Nilipopunguza, alikuwa ameshakata.

Jumatano, 6 Machi
Ushindi! Saa ya kutoka nilifungua milango yote uani kwa ofisi. Madirisha ya juu yakatetemeka. Mlinzi akashika kofia. Dada wa mapokezi akacheza kidogo, mkoba begani, akasema, "Kaka, leo tunarudi na wewe!"
Wakaja walewale watatu: yeye, mzee wa stoo na dereva wa bosi. Wakachungulia nyuma. Mzee wa stoo akauliza yeye akae juu ya besi au chini yake. Nikasema mmoja anaweza kukaa mbele nami. Wakatazamana. Hakuna aliyejitolea.
Wameondoka na Mhasibu. Nimewapigia muziki mpaka wakapotea kwenye kona.

Alhamisi, 7 Machi
Betri imekufa uani. Mhasibu, kwa roho yake mbaya, amesisitiza kunipeleka nyumbani. Nimebanwa nyuma kama nguo sandukuni. Mzee wa stoo akasimulia alivyofungiwa stoo pamoja na paka mwenye mimba, akatoka na paka watano. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Dada wa mapokezi akanigawia karanga zake.
"Kumbe kaka unajua kucheka!" akasema. "Kwako tulikuwa tukinyamazishwa ili usikie redio."
Tulipofika kwangu sikutaka kushuka. Nikajifanya natafuta ufunguo. Ulikuwa mkononi. Nyumba giza, hata kuku wa jirani wamelala.

Ijumaa, 8 Machi
Nimewaza usiku kucha, na jibu nimelipata. Safari nzima ya jana redio ya Mhasibu haikutoa hata mlio. Mbovu! Ndiyo maana maskini wale wanapiga porojo tu, hawana la kusikiliza. Mtu akikosa nyama hula hata ukoko. Wakati wa kuwaokoa ndio huu!
Nimemwita fundi uani. Betri mpya, na sanduku la pili. Ameuliza tutaliweka wapi. Nikamwonyesha siti ya mbele, pale pembeni yangu. Akauliza mara mbili kama kweli hakuna mtu anayekaa hapo.
Nimemwambia aing'oe tu.