Kamera ya Baba Shingoni mwa Bibi Juliana

Jumatatu, 7 Juni 1993

Hili sijamwambia mtu, hata padri. Yule ndege wa picha yangu, iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo shuleni, alikuwa maiti. Nilimwokota chini ya dirisha letu hapa Mafiga, nikamfunga kwenye tawi la mpera kwa uzi mweusi. Mwalimu Devotha alisema kwa Kiingereza, mbele ya darasa zima, kwamba nina subira ya mwindaji. Nilitamani nizikwe na ndege.

Tangu hapo naitwa Mpiga Picha wa Mazingira. Ukweli? Napiga miti na mawe kwa sababu havinitazami. Watu nawaogopa.

Sasa basi. Mikidadi, aliyefungua duka la kusafisha picha za rangi kule Mwembesongo tangu biashara iwe huria, anatoa kalenda ya Uluguru. Picha kumi na mbili, na jina la mpigaji chini ya kila moja! Mwisho wa kupeleka ni Jumamosi. Godlisten wa darasani kwetu ameshatangaza kwamba Januari mpaka Machi ni zake. Baba yake ana Pajero.

Baba yangu ana kamera. Iko kabatini, imeviringishwa kwenye joho lake la chuo, na kuigusa ni kosa la kufukuzwa nyumbani. Yuko Dodoma kwenye semina, anarudi Jumapili. Kwa picha ya ndege niliichukua dakika kumi. Safari hii naichukua siku tano.

Jumanne, 8 Juni

Nimepanda mlimani alfajiri. Sikujua kwamba njia nzima ni akina mama wanaoshuka na mboga kwenda sokoni! Shikamoo arobaini na moja. Nilipofika kijitoni sauti ilikuwa imekauka.

Lakini ukungu! Ulikuwa unapanda bondeni polepole, unameza migomba mmoja mmoja. Nilisahau kubonyeza. Ulipoisha nikabonyeza.

Kwenye kona nikamkuta Godlisten juu ya boneti ya Pajero, anakula yai la kuchemsha. Akaniuliza yule ndege wangu hajambo. Nikasema hajambo. Akasema basi nimsalimie, maana picha nzima hakupepesa macho. Anajua! Au hajui? Leo silali.

Jumatano, 9 Juni

MSIBA.

Nimefika kijiji cha nyuma ya kilele cha Lupanga. Matuta ya maharage yameshuka mlima kama ngazi, na bibi mmoja anachuma huku anaimba. Picha ya Septemba hiyo! Nikajificha migombani, kama wafanyavyo wapiga picha wa simba.

Bibi akaniona. Akaniita kwa sauti ya kuamsha kata nzima. Anaitwa Bibi Juliana. Akauliza mimi mtoto wa nani, kabila gani. Nikasema Mnyamwezi, baba katokea Tabora. Akapiga makofi! Akawaita majirani waje kuona mali yake iliyopotea imejileta yenyewe. Kisha akanivua kamera shingoni, akaivaa yeye, akasema kuanzia leo ni yake, na nishukuru ameniachia suruali.

Nimeibiwa mchana kweupe, mbele ya mashahidi, na mashahidi wakacheka! Mzee Pazi, mwenyekiti wao wa kijiji, alicheka mpaka akakaa chini.

Na mimi nilifanya nini? Nilisema asante bibi, shikamoo, nikakimbia mpaka chini.

Alhamisi, 10 Juni

Sili. Mama anadhani ni malaria.

Nimemwandikia Mwenyekiti Pazi barua rasmi ya kudai kamera. Kurasa mbili, moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza, ili aone uzito. Nimempa mama mmoja muuza mboga apande nayo mlimani.

Ijumaa, 11 Juni

Jibu limekuja kwa mdomo wa yule yule muuza mboga. Barua ilisomwa hadharani. Ilipendwa sana, hasa upande wa Kiingereza. Bibi Juliana anasema Mnyamwezi asiye na mdomo hajawahi kumwona, na nikiitaka kamera nilete mdomo wangu.

Nikamuuliza Mama, eti kwa ajili ya somo la Siasa: mtu akikupora watu wakacheka, ni sheria gani hiyo? Akaniangalia. Akauliza Mluguru au siyo. Kisha akacheka yeye naye! Kumbe sisi na Waluguru ni watani. Mtani anakupora ili umjibu, umtukane, nawe umpore. Ukimwamkia kwa heshima na kuondoka, umemkataa. Ni kama umemfungia mlango usoni.

Miaka kumi na sita niko Morogoro! Nimefundishwa kwa lugha mbili, na hakuna hata moja iliyonitajia kwamba itabidi nimtukane bibi wa watu.

Nimeandika matusi kumi na moja. Nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Kila moja linaanza na samahani.

Jumamosi, 12 Juni

Bibi Juliana alikuwa anamenya maharage, kamera shingoni. Kijiji kizima kimejaa. Nikafungua mdomo. Ikatoka shikamoo.

Wakaguna. Nikatoa karatasi, nikasoma. La kwanza, kwamba pua yake imepandwa kwenye tuta baya. Wakatazamana. Nikajua nimekufa. La pili, kwamba Waluguru walikimbilia mlimani kwa kuogopa kuoga mtoni. Bibi akaanguka na ungo kwa kucheka. Akajibu kwamba Wanyamwezi tulibeba mizigo mpaka shingo zikazama tumboni, ndiyo maana sauti yangu inatokea kitovuni. Mzee Pazi akanisukuma: pora, pora! Nikapora kuku. Wakashangilia!

Nimeshuka na kamera na kuku. Halafu nikaangalia kihesabu picha. Thelathini na sita! Bibi alimaliza mkanda wangu wote!

Nikaupeleka kwa Mikidadi hivyo hivyo. Akasafisha. Mbuzi wa Pazi, mara tisa. Vidole vya miguu. Picha moja akainyanyua dirishani: matuta yote mpaka mawinguni, na kijana mdogo kama siafu anayashuka mbio. Mimi huyo! Agosti, akasema. Za Godlisten zote ni Pajero na mlima kwa nyuma.

Akauliza aandike mpigaji nani. Nikasema Laurenti, ndiyo mimi. Akauliza nimejipigaje mgongo wangu mwenyewe. Nikasema kamera za Ulaya zina uwezo. Akatikisa kichwa, akasema siku hizi kila kitu kinaingia nchini.

Jumapili, 13 Juni

Kamera iko kwenye joho. Inanuka maharage. Baba amerudi saa nane, hajafungua kabati. Ameuliza kuku ni wa nani. Nimesema wa somo la Biolojia.

Saa kumi. Kuna sauti sebuleni. Siamini! Bibi Juliana! Ametembea toka mlimani, lazima yule muuza mboga kamwelekeza! Anadai kuku wake na mashine yake ya picha. Baba anasema hapa hakuna mashine ya picha iliyowahi kufika mlimani. Bibi anamwita Baba punda wa msafara. Baba, mhadhiri, anacheka! Sasa anaita jina langu.

Nimepata wazo! Nitasema simjui kabisa. Nitapiga magoti, nimwamkie kwa adabu zote kama mgeni, niingie jikoni kumletea maji. Ataona aibu, ataondoka mwenyewe. Nani anaweza kumkasirikia mtoto mwenye heshima?

Hatua. Za watu wawili. Nafunika ukurasa kwa atlasi.