Mnara Unaoona Miraba Tisa

Jumatatu, 4 Juni 2001

Daktari kule Mikumi amenisikiliza moyo kwa muda mrefu kupita adabu. Akavua chombo chake masikioni, akasema, mzee, mambo yako yaweke sawa. Nikamuuliza mambo gani. Akatazama dirishani. Basi nimeelewa.

Nimerudi Kilosa kwa basi na kuyaweka sawa kabla ya chai. Nyumba ni ya binti yangu Filomena. Shamba la Yohana, kaka yake. Vitabu ni vya yeyote atakayevumilia vumbi. Limebaki jambo moja: Shimba.

Shimba ni bwana mifugo mstaafu, Msukuma, anakaa Ulaya, kijiji cha hapa Kilosa, si kule kwa Wazungu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, Msagara. Kwa hiyo ni watani. Maana yake, siku ya mazishi yangu atakuwa na haki ya kunitangazia lolote, na hakuna atakayeruhusiwa kukasirika. Mwaka jana tulipomzika Kasian fundi saa, Shimba alishuka kaburini, akajilaza, akakoroma sawasawa kama Kasian alivyokuwa akikoroma dukani, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Mjane alicheka hadi akashikiliwa.

Mimi keshaniambia nitakachopata. Atasimama mbele ya jeneza atangaze: thelathini na moja kwa sifuri!

Naungama: ni kweli. Filomena ana duka la kuchapa barua, chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kompyuta zake mbili zilinunuliwa mnadani, shirika moja la umma lilipobinafsishwa. Ndani yake tulikuta mchezo wa vita. Sasa najua lile shirika lilikufa kwa ugonjwa gani. Tangu Machi, Shimba anakuja kwa baiskeli, tunaunganisha waya, tunapigana. Kanipiga mara thelathini na moja.

Si mchezo wa zamu kama bao. Unakata miti, unalima, unafuga askari, na mwenzako anafanya hivyo hivyo wakati huo huo. Ukinyanyuka kunywa maji, yeye anajenga. Ndiyo sababu kidonge cha kukojoza, dawa yangu ya moyo, nakificha chini ya mto. Siwezi kupoteza mji kwa sababu ya choo.

Mimi nategemea wapelelezi. Hawaonekani. Wanapenya, wanachoma maghala ya adui. Silaha ya msomi! Lakini kuna mnara wa kuonea. Kila kilichojificha ndani ya miraba tisa, mnara unakifichua. Shimba anasimika minara kila kona, kama mtu aliyemaliza maisha akilinda ndama na fisi. Wapelelezi wangu wanaingia wakinyata, wakijua hawaonekani, na jeshi zima linawatazama.

Mnara huu una nguvu kupita kiasi. Si haki. Namba zake zimo kwenye faili, zinabadilika ukizibadilisha. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne.

Nitausawazisha.

Jumanne, 5 Juni

Nimetoa tisa, nimeweka tatu. Kwenye kompyuta zote mbili, maana zikitofautiana mchezo unagoma. Sikuita udanganyifu. Niliita marekebisho, kama wanavyoita serikalini.

Shimba akafika, akamwitikia Filomena shikamoo yake, akakaa. Akajenga minara yake mipofu. Nikatuma wapelelezi sita. Walipita! Walichoma ghala! Nilisimama nikapiga makofi, nikaishiwa pumzi, nikakaa.

Nilipotazama tena, maghala yangu yote manne yalikuwa yanawaka.

Nilisahau kwamba minara yangu nayo inaona miraba mitatu. Shimba, ambaye tangu Machi hajatuma mpelelezi hata mmoja, leo katuma thelathini. Sikumwona hata mmoja.

Akafunga klipu za suruali yake tayari kwa baiskeli, akaniambia, “Mwalimu, wewe na minara yako wote mna mtoto wa jicho.”

Thelathini na mbili.

Alhamisi, 7 Juni

Nimegundua kosa. Si macho ya mnara, ni gharama yake. Nimerudisha tisa, lakini mnara uliokuwa ukijengwa kwa miti mia moja sasa unataka mia nne. Halafu nikachora ramani mpya. Mimi nimejiweka milima ya Vidunda, msitu mtupu. Yeye nimemweka mbuga ya Mikumi, nyasi na mbuyu mmoja. Nikamwambia ni kwa heshima yake, mtu wa malisho. Akashukuru sana. Nikaona haya kidogo. Ikapita.

Alipoona hawezi kumudu mnara hata mmoja, hakuhangaika. Chakula chote alichopata kwenye zile nyasi akafugia wapanda farasi. Mimi nilikuwa bado nakata miti. Nimekata miti mpaka Vidunda pamebaki upara. Mnara wangu wa kwanza ukakamilika. Mzuri! Mrefu! Ukaniwezesha kuwaona waziwazi wapanda farasi mia na ishirini wakija kuuchoma.

Filomena kaniuliza kwa nini nazifungua kompyuta zake alfajiri kabla hajaja mteja. Nikamwambia nasahihisha. Akauliza nasahihisha nini. Nikamwambia dunia. Akasema, baba, kunywa dawa.

Nimekunywa kimoja. Kile kingine kiko na wenzake chini ya mto.

Thelathini na tatu.

Jumamosi, 9 Juni

Hatimaye nimefikiri kama msomi. Usawa si kila mtu kupata sawa, bali kila mtu kupata anachostahili. Faili lina namba za kila upande! Kompyuta ya ukutani ni jeshi la bluu, yangu siku zote. Ya dirishani ni jekundu, ya Shimba. Mnara wa bluu nimeupa miraba ishirini. Mwekundu nimeupa mmoja.

Nimevaa shati la kanisani. Nimemwambia Filomena awepo ashuhudie.

Shimba akaingia, akasimama katikati ya chumba, akapangusa jasho. Akasema jua la dirishani linamuumiza macho. Akaenda akakaa kwenye kiti changu.

Nikamwambia kile kiti kina kunguni. Akasema anakaa na ng'ombe mia mbili, kunguni ni wageni wake. Nikamwambia bluu ni rangi ya Wasagara. Akaniuliza tangu lini. Filomena ananitazama.

Nikakaa dirishani. Nikajenga mnara. Mraba mmoja! Mnara wangu ulijiona wenyewe, basi. Adui alikuja akasimama pembeni yake kama anasubiri gari moshi, nao hauna habari.

Thelathini na nne. Kifua kilinibana wakati mji wa mwisho unaanguka. Nilidhani ni uchungu wa kushindwa.

Jumapili, 10 Juni

Haukuwa uchungu wa kushindwa. Nimeanguka mlangoni nikienda misa. Filomena kanilaza, kaagiza padre. Padre yuko Vidunda mpaka kesho. Aliyefika ni Shimba, jasho linamtiririka, klipu bado ziko kwenye suruali.

Nilijua sina muda. Nikamshika mkono. Nikamwambia yote: tatu, mia nne, ishirini kwa mmoja. Nikasema, nisamehe, ndugu yangu, nisiende na huu mzigo.

Alicheka mpaka Filomena akaja mbio akidhani nimekata roho.

Kumbe alijua tangu Jumanne. Akaniambia, “Mimi ng'ombe wangu nawahesabu kila jioni wakiingia zizini. Miraba tisa itanishinda? Na jana kiti chako nilikipenda makusudi, Msagara wewe.” Halafu akapangusa machozi akasema ananishukuru. Alikuwa na wasiwasi hotuba yake ya mazishi ni nyembamba, thelathini na moja kwa sifuri, watu watacheka mara moja tu. Sasa ana hadithi nzima. Mwalimu wa hesabu aliyeiba kwenye hesabu na bado akafeli! Ataigiza na mnara uliojiona wenyewe. Akaniigizia palepale, amesimama wima kando ya kitanda, amefumba macho.

Nikamwona akilini akiigiza hivyo mbele ya wanafunzi wangu wote wa miaka thelathini na minne. Nikalia. Si kwa hila. Nililia kweli.

Akakaa kitandani. Akasema haya: kesho mchezo mmoja, safi, namba kama zilivyotoka mnadani. Nikishindwa, atasema kila kitu. Nikishinda, siri itazikwa na mimi, na kaburini hatashuka. Akatoka kumwambia Filomena arudishe faili mbele yake. Tisa na tisa. Mia na mia. Nilisikia wakizisoma kwa sauti.

Jumatatu, 11 Juni

Nilibebwa juu ya kiti mpaka mezani. Shimba kasubiri nitoke chooni kwanza, maana Filomena leo amesimamia vidonge vyote viwili.

Nimecheza kwa haki. Jambo geni! Nililima. Nilifuga. Nilijenga minara mitatu, si zaidi, pale panapohitajika. Halafu nikatuma wapelelezi wanne tu, kwa njia ya kaskazini, polepole. Shimba alikuwa na mnara pale. Nikasubiri wafichuliwe.

Wakapita. Ghala la kwanza. La pili. Askari wake wakakosa chakula. Nikaingia na jeshi.

Thelathini na nne kwa moja!

Shimba akanipa mkono. Akasema hajawahi kupigwa namna ile, siri yangu imezikwa. Mlangoni alimuuliza Filomena kwa sauti ya chini kama nimelala vizuri. Akapanda baiskeli.

Nimekaa nikitabasamu mpaka chai ikapoa. Haki inalipa. Nimeazimia, siku chache zilizobaki, kuishi kwa haki.

Kisha mwalimu wa hesabu ndani yangu akauliza: wapelelezi wangu walipita umbali gani na ule mnara wa kaskazini? Miraba minne. Na mnara unaona tisa.

Nikafungua faili. Bluu: tisa. Nyekundu: mbili.

Nimemwita Filomena. Kakataa, kakataa, mwisho kasema. Mzee Shimba alimwomba amfungulie faili wakati niko chooni. Kapunguza macho yake mwenyewe, akamwapisha asiniambie.

Nimelitazama faili kwa muda mrefu. Macho yamelowa, na si kwa jua la dirishani. Rafiki gani huyu!

Halafu nimefikiri.

Shimba amedanganya. Mchezo ulioitwa safi, yeye kauchafua kwa mkono wake. Na utani una pande mbili. Siku ya mazishi yake, mimi ndiye mtani. Mimi ndiye nitakayesimama mbele ya jeneza, Wasukuma wote wa Ulaya wamekaa, hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Nitashuka kaburini kama itabidi. Nitadai ng'ombe, si kuku.

Tatizo moja. Ana afya. Anaendesha baiskeli.

Nimeinua mto. Vidonge saba vya kukojoza. Nimemwomba Filomena maji mengi, akaninyang'anya sita, akaniachia kimoja. Nimekimeza bila ubishi. Ameniuliza kulikoni. Nimemwambia sina nafasi ya kufa.

Shimba anarudi Alhamisi. Mnara wa bluu nimeupa miraba kumi na mmoja. Miwili tu imeongezeka. Nani atahesabu?