Mama Pasi na Friji ya Milango Miwili

Hutaamini. Nakuambia mapema kabisa ili usije ukasema hukuambiwa, maana hata mwenyewe yaliyomkuta, Mama Pasi, mpaka leo akiamka asubuhi huenda kwanza kuigusa ile friji ndipo anasadiki kwamba hakuota.

Mambo yalianza kwa tangazo. Redio zote zilikatiza muziki, televisheni zikaweka bendera, na Mheshimiwa Waziri wa Ulinganisho, kwa sauti ya mtu anayetangaza kuzaliwa kwa mapacha wake mwenyewe, akalijulisha taifa kwamba baada ya utafiti wa kina, uliofanywa kwa kina, maisha ya nchi yetu yamethibitika kuwa bora kuliko maisha ya ng'ambo kwa pointi kumi na nne. Watu wakapiga makofi. Saa hiyohiyo, waziri wa ulinganisho wa ng'ambo akatangaza kwamba wao ndio wametuzidi, kwa pointi kumi na tano.

Ng'ambo yenyewe si mbali. Kuna mto katikati, na mto wenyewe mwembamba, ukipiga chafya huku, kule wanakuitikia. Lakini serikali hizi mbili hazijawahi kupendana, na kila moja ina wizara nzima, ghorofa tano, ambayo kazi yake ni kuitazama nyingine kwa darubini na kuipa alama. Mheshimiwa alilichukulia jambo hili kwa uzito mpaka mkewe na watoto akawahamishia ng'ambo, wakasome huko, watibiwe huko, walale huko. Kwa ajili ya utafiti.

Sasa, maisha bora hayawezi kuwa ya bure, hilo hata mtoto analijua. Ndiyo maana ikaletwa Kodi ya Ubora wa Maisha. Pointi zikipanda, kodi inapanda. Ng'ambo nao wakaleta ya kwao, wakaiita Mchango wa Furaha. Basi nchi mbili zikawa zinapandishana, leo huyu kamzidi yule, kesho yule kamzidi huyu, na viatu vya watu vilevile.

Mama Pasi hakuwa na habari na pointi. Yeye alikuwa na pasi tatu za mkaa, meza moja ndefu, na chumba kimoja alichoishi na binti yake, mlango wake huwezi kuufungua mpaka uuinue kidogo huku unausukuma. Mtaa mzima ulimpelekea nguo. Na alikuwa na kipaji: mtu akimletea shati, Mama Pasi akilikunjua tu anajua mwenye shati anaishije. Kola inamwambia, kwapa linamwambia, kifungo cha tatu kinamwambia. Kwa miaka mitatu alizipiga pasi nguo za nyumbani kwa Mheshimiwa, zilizoletwa na dereva kwa mifuko, mashati, mashuka, foronya, mapazia, na alishamwambia binti yake kwamba katika mashati yote ya mtu yule hajawahi kuona tone la jasho.

"Labda haendi kazini," binti akasema.

"Anaenda. Ila akifika hakuna kazi."

Mashati hayohayo ndiyo yaliyomponza. Wizara ilitaka kutoa kitabu cha picha kuwaonyesha ng'ambo, jina lake Mwananchi wa Kawaida Nyumbani Kwake. Maafisa wakazunguka wiki mbili wakitafuta nyumba ya mwananchi wa kawaida ya kupigwa picha, wakakosa, kwa sababu kila waliyoikuta ilikuwa ya kawaida mno. Ndipo ikaamuliwa kitaalamu kwamba nyumba itumike ya Mheshimiwa, na mwananchi atafutwe kando. Siku hiyo Mama Pasi alikuwa amefika mwenyewe getini na mashati, maana dereva anaumwa. Akavutwa ndani. Akakalishwa kwenye sofa refu mpaka miguu ikaning'inia. Akasimamishwa kando ya friji ya milango miwili, akapewa soda, akaambiwa asiinywe, iko kwenye picha. Baada ya dakika kumi alikuwa nje, na soda ilibaki ndani.

Wiki tatu baadaye kijana mmoja mwembamba, Afisa wa Ulinganisho, alifika chumbani kwa Mama Pasi. Alikuwa yuleyule aliyempiga picha, ila leo amevaa kofia nyeusi. Akaeleza kwamba akivaa ile ya buluu ni Ulinganisho, na akivaa hii nyeusi ni Kodi, kwa hiyo leo wasijuane. Akafungua kile kitabu, akaanza kusoma. Friji, milango miwili, kila mlango una kodi yake. Zulia, kwa hatua. Sofa, kwa idadi ya makalio yanayoweza kukaa. Bwawa la kuogelea, kwa kina. Akamkabidhi bili. Jumla yake ilikuwa namba ndefu, akaisoma kwa awamu, katikati akameza mate.

Mama Pasi akaitazama meza yake. Akatazama ukutani, pale ambapo friji ya milango miwili ingekaa kama kusingekuwa na kitanda.

"Mwanangu," akasema, "hii nyumba si yangu. Wewe mwenyewe ndiye uliyenipeleka."

"Mama, mimi leo sikujui."

"Friji iko wapi hapa? Nionyeshe."

"Mama, kitabu kimeshapelekwa ng'ambo. Kina mhuri. Kinasema mkazi wa nyumba hiyo ni wewe." Akashusha sauti, akafunga mlango, ikabidi auinue kwanza. "Unataka kusema serikali imedanganya?"

Mama Pasi akavuta shati moja kutoka mezani.

Kijana akamfafanulia, na kwa kweli alimfafanulia kwa upole. Kusema serikali imedanganya ni kosa la Kuishusha Nchi Pointi, na adhabu yake hata yeye anaogopa kuitaja akiwa kwenye kofia hii. Kwa hiyo njia ni mbili. Alipe ndani ya siku kumi na nne. Au zije zichukuliwe zile pasi tatu, na meza, na huo ndio utakuwa mwisho wa kupiga pasi.

Binti alikuwa ameshaanza kulia kimyakimya kule nyuma ya pazia. Mama Pasi hakulia. Alikuwa ameshika shati la mtu, akaligeuza, akaiangalia kola kama vile jibu limeandikwa humo.

"Sawa," akasema. "Nimekubali. Naishi pale."

Kijana akapumua. Akasema ndivyo wananchi wanavyotakiwa kuwa.

"Ila niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba naishi pale. Nitalipaje kodi ya nyumba bila karatasi? Kesho atakuja mwingine na kofia nyekundu."

Kijana akaliona hilo lina mantiki. Wizarani hakuna kitu kinachopendwa kama karatasi. Akatoa fomu, akaandika Hati ya Mkazi Halali, akajaza jina la Mama Pasi na la binti yake, akajaza anwani ya Mheshimiwa, akagonga mhuri, akaugonga tena kwa sababu wa kwanza ulitoka umefifia. Alipoondoka alimshukuru kwa ushirikiano.

Sasa hapa usinikatize, maana ndipo penyewe.

Ng'ambo walikuwa wameshakiona kile kitabu, na hawakulala. Wakadai waje wahakiki kwa macho yao. Serikali yetu haikuweza kukataa, maana kukataa ni pointi tatu. Ikapangwa siku ya kumi na tatu ya zile kumi na nne, saa nane mchana. Dereva akatumwa kumwambia Mama Pasi kwamba siku hiyo atafuatwa saa saba, atakaa kwenye sofa, atatabasamu, saa kumi atarudishwa kwake. Mama Pasi akamwambia dereva asijisumbue.

Siku ya kumi na tatu, saa sita mchana, mkokoteni ulisimama mbele ya geti la Mheshimiwa. Juu yake kulikuwa na meza ndefu, pasi tatu, gunia la mkaa, godoro, na binti amekaa juu ya godoro ameshika sufuria. Askari wa getini akauliza kuna nini. Mama Pasi akampa hati. Askari aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, akafika kwenye mhuri, akaona mhuri mwingine juu yake. Mhuri mmoja unaweza kuubishia. Miwili hapana. Akafungua geti, akasaidia kushusha gunia.

Mheshimiwa alishuka ngazi na taulo shingoni, akakuta mkaa unawaka barazani. Walivyoongea pale askari aliwasikia, na ndivyo mtaa ulivyojua. Mheshimiwa aliuliza hawa ni akina nani. Mama Pasi akamsalimia vizuri, akamwambia amehamia kwake. Mheshimiwa akapandwa na hasira, akaita askari, akapiga simu, akamwita yule kijana wa kofia. Kijana akaja amebeba kofia zote mbili mkononi, hajui avae ipi.

"Mtoe huyu mama nje," Mheshimiwa akasema.

"Naweza, Mheshimiwa. Ila itabidi nifute hati. Nikifuta hati, kitabu kinakuwa cha uongo. Na wageni wako darajani."

Mheshimiwa akatazama saa. Akavaa shati haraka, likiwa bado la moto kutoka kwenye pasi, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu shati lake likalowa kwapani. Mama Pasi aliliona hilo.

Mkaguzi wa ng'ambo alikuwa mwanamke wa makamo, miwani, daftari, na wapiga picha wawili nyuma yake. Huyo hakuwa mtu wa kudanganywa na sofa. Akazunguka sebule, akafungua friji, akanusa. Akamgeukia Mama Pasi.

"Unaishi hapa?"

"Naishi."

"Tangu lini?"

"Karatasi ninayo."

"Karatasi hata sisi tunatengeneza," mkaguzi akasema. "Nitauliza swali moja kwa kila mmoja. Mtu anayeishi kwenye nyumba anaijua." Akamnyooshea kalamu Mheshimiwa, aliyesimama mlangoni, sura ambayo hakuwahi kuiona. "Na wewe ni nani hapa?"

Mheshimiwa alikuwa na jibu moja la swali hilo, ndilo lililo kwenye mabango yake yote, na kwa woga likatoka lenyewe. "Mimi ni mtumishi tu."

Mkaguzi akaandika: Ana mtumishi. "Haya, mtumishi. Vyumba vya juu vina mashuka ya rangi gani?"

Mheshimiwa akafungua mdomo. Akatazama dari. Akasema meupe. Kisha akasema, au ya maua.

"Mama?"

Mama Pasi hata hakufikiri. Akasema meupe hakuna hata moja. Ya maua yalikuwepo mawili, moja likachanika, likafanywa foronya. Kabatini kuna ya kijivu manne, ya buluu matatu, na la buluu la chini kabisa lina alama ya pasi kwenye pembe, kama umbo la mtumbwi, alilichoma yeye mwenyewe mwaka juzi baada ya kaa kuruka, akalikunja ikae kwa ndani, na tangu siku hiyo amekuwa akiomba Mungu asiulizwe. Mapazia ya sebuleni yana pete kumi na tisa, siyo ishirini.

Mkaguzi akapanda juu na wapiga picha. Mheshimiwa akamwuliza kwa kunong'ona ni kweli shuka lake aliliunguza, Mama Pasi akamwambia samahani baba, kaa liliruka. Mkaguzi akashuka amelishika lile shuka la buluu kwa pembe yake, kama mtu aliyebeba samaki mkubwa. Akahesabu pete za pazia mwenyewe. Kumi na tisa.

"Na kodi ya nyumba yote hii," akauliza, sasa kwa sauti nyingine kabisa, "unailipaje kwa kupiga pasi?"

Mama Pasi akaitoa ile bili kwenye mfuko wa kanga. Mkaguzi akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Analipa huyu," Mama Pasi akasema, akamwonyesha Mheshimiwa. "Huku kwetu mtumishi ndiye anayemlipia mwananchi kodi. Au siyo hivyo, mtumishi?"

Kamera mbili zikageuka. Ukisema hapana, nchi imeanguka pointi sijui ngapi mbele ya adui. Mheshimiwa akatikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu anayewekewa shanga shingoni. Kijana akavaa kofia nyeusi, akamletea kalamu, Mheshimiwa akaisaini bili.

Mkaguzi akafunga daftari. Akasema ng'ambo imeshindwa kihalali, pointi arobaini, ataandika hivyohivyo alivyoona. Akaongeza kwamba mwananchi huyu atakuwa wa mfano kwa nchi zote mbili, na kwamba watarudi kumwona mwezi wowote, siku yoyote, bila taarifa. Mlangoni akambakisha Mama Pasi nyuma kidogo. Akamwuliza, taratibu, wapiga picha wasisikie, hiyo hati mtu anaiombaje, maana yeye na wanawe watatu wanakaa chumba kimoja, na Waziri wake ana ghorofa.

Mheshimiwa akawasindikiza wageni mpaka darajani, akapeana mikono, akapongezwa na redio. Aliporudi saa kumi na moja, geti lilikuwa limefungwa. Askari, kwa heshima zote, akamwambia hati inamtaja mkazi mmoja na binti yake. Kwenda ng'ambo kwa mkewe haikuwezekana, darajani bado kulikuwa na kamera. Akabonyeza kengele.

"Mama," akasema kwenye kile kisanduku cha getini. "Mimi hapa. Wameshaondoka. Nifungulie basi."

Ndani, Mama Pasi alikuwa anakunywa ile soda, au dada yake, na binti amefungua milango yote miwili ya friji kwa mpigo, anajipepea. Mama akaenda mpaka getini. Akapitisha kwenye nondo shati lililonyooshwa, kola imesimama. Juu ya shati kulikuwa na ufunguo.

"Chumba changu kiko wazi, baba," akamwambia. "Mlango unauinua kidogo huku unausukuma. Na huko usiwe na wasiwasi, hakuna friji, kodi hawatakudai."

Mheshimiwa bado amesimama pale, ameshika shati, kidole kiko kwenye kengele, na mkaguzi anaweza kurudi siku yoyote. Haya, niambie wewe unayesoma, na usinijibu kwa haraka: ungekuwa Mama Pasi, ungemfungulia?