Maneno Arobaini na Matatu ya Mjomba

Jumatatu, 9 Juni

Bango langu la utafiti limekubaliwa! Kongamano la wataalamu wa tiba ya usemi linaanza Alhamisi, na mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nitasimama humo na kitambulisho shingoni. Mwenye bango bora atapata nafasi ya mafunzo kwenye kliniki ya Bi Mkuu, mama anayeogopwa na wahadhiri wetu wote. Nafasi ni moja. Tunaoitaka tuko kumi na wanane. Mpinzani wa kweli ni msichana mmoja wa darasani kwetu tunayemwita Saa Mbovu, maana ukimuuliza kitu anakaa kimya mpaka unadhani amesimama.

Kichwa cha bango langu: "Kutoka Neno Moja hadi Maneno Arobaini na Matatu kwa Wiki Sita." Mgonjwa ni mjomba, kaka yake mama. Kinyozi. Kiharusi kilimwangusha kazini mwezi wa kwanza. Mtu aliyekuwa akipiga soga tangu afungue mlango hadi aufunge, sasa amebakiwa na neno moja: "bado". Ukimsalimu, bado. Ukimpa chai, bado.

Yale mengine arobaini na mawili nimeyatoa kichwani mwangu. Nilichagua mazuri. Kuna "asante". Kuna "mpwa wangu".

Jumanne, 10 Juni

Balaa. Mhadhiri anataka fomu ya ridhaa, yenye saini ya mgonjwa. Nikakimbilia kwa mjomba, nikasema ni karatasi ya mahudhurio ya mazoezi. Mjomba akasaini kwa mkono wa kushoto, ulimi nje, jasho likimtoka. Nilikuwa na haraka. Nikamshika mkono, tukamalizia pamoja.

Mke wa mjomba, ambaye namwita shangazi, kaniuliza kwa upole mbona mazoezi yenyewe hayaonekani. Swali la haki. Kwa wiki sita nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza mjomba alikuwa amelala. Mara ya pili nililala mimi. Nikamjibu kwamba tiba ya kisasa sehemu kubwa hufanyika kwenye makaratasi. Akasema sawa, mwanangu, nyinyi ndio mmesoma.

Nimerudi nyumbani nimenuna. Sijui kwa nini. Labda jua.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya kwanza ya kongamano. Wakubwa wako ukumbini kwenye viti vya vitambaa. Sisi wanafunzi tumepangwa kwenye korido ya kuelekea msalani.

Bango la Saa Mbovu nimelisoma mara mbili nikidhani nimekosea. "Neno Moja kwa Wiki Kumi na Mbili." Moja! Mgonjwa wake ni fundi cherehani aliyejifunza upya kutamka jina la binti yake. Basi. Nikampa pole. Akanyamaza kitambo kirefu, kisha akasema asante.

Hadi saa tano hakuna aliyesimama kwangu. Hatimaye akaja bwana mmoja mwenye tai. Nikamweleza kiharusi, ubongo, ulimi, takwimu zangu zote. Alikuwa akiyumba mguu huu, mguu ule, uso umemkaza. Nikafikiri ameguswa. Kumbe alikuwa akisubiri nimpishe aingie chooni.

Halafu akatokea Bi Mkuu mwenyewe! Akasoma bango kuanzia juu hadi chini. Akauliza nimetumia mbinu gani. Mbinu! Sikuwa nimefikiria mbinu. Macho yakaangukia maelekezo ya mtungi wa kuzimia moto ukutani, pembeni ya sikio lake. Nikasema, Vuta, Elekeza, Bana. Akauliza nabana nini. Nikasema maneno.

Akaandika kwenye daftari lake. Akasema Jumamosi kuna kikao cha wagonjwa na familia zao, angependa sana kumwona mzee huyu. Ulimi wangu ukajibu bila kunishauri: ataletwa.

Ijumaa, 13 Juni

Maneno arobaini na mawili kwa alasiri moja. Nilipiga hesabu: dakika nne kila neno, bila mapumziko.

Nikaanza na picha ya chanuo. Bado. Kiti. Bado. Kikombe. Bado. Nilipomwonyesha picha ya mkasi aliitazama, akanipokonya kwa mkono wa kushoto, akaitia mfuko wa shati. Hakutaka kuirudisha. Saa kumi na moja nilikuwa nimepoteza sauti mimi, na mjomba alikuwa na neno lake lilelile.

Shangazi alikuwa na furaha kama mtu mwenye arusi. Alinyoosha koti jeupe la kazi la mjomba kwa pasi, akanitengea chakula kuliko kawaida. Akaniambia kitu ambacho sikukiuliza. Kwamba kwa kuwa nilisema nitakuwa nakuja kila Jumanne saa nane, mjomba hujiburuta mwenyewe hadi mlangoni kila Jumanne, anakaa kwenye kiti, anatazama njia. Anaingizwa ndani jua likizama.

Nikasema hiyo ni dalili nzuri ya kumbukumbu.

Chakula nilikirudisha jikoni.

Mpango mpya: kesho nauliza mimi maswali, ya kutikisa kichwa tu. Nimemfanyisha mjomba mazoezi ya kutikisa kichwa. Anaweza sana.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike tu yaishe.

Ukumbi ulijaa. Mjomba mbele, koti jeupe, nywele zimechanwa. Mimi kando yake, tayari kwa maswali yangu. Bi Mkuu akaniashiria nikae. Akauliza mwenyewe.

Je, mzee anaona nafuu?

"Bado."

Mpwa wake amekuwa akimfundisha vizuri?

"Bado."

Watu wakacheka. Nikacheka nao, kwa sauti, ili ionekane tulipanga. Akamuuliza tumefanya mazoezi mara ngapi. Mjomba akanigeukia, akanitazama kama anayetaka kunisaidia, jasho kipajini. "Bado," akasema polepole. Hapo hakucheka mtu.

Ndipo Saa Mbovu akanyanyuka nyuma kule, akaomba ruhusa, akavuta kiti, akakaa upande wa kushoto wa mjomba. Akamsalimu. Akamuuliza, baba, nini bado? Kisha akanyamaza.

Kimya gani kile! Mjomba mdomo unacheza, hakitoki kitu. Sikuweza kuvumilia. Nikamrushia neno: mkasi! Saa Mbovu akaniinulia kidole bila kunitazama. Akaendelea kusubiri. Mjomba akaipapasa ile picha mfukoni, akaitoa, akajishika kichwa, akapitisha kiganja upande mmoja tu.

"Ni... nusu," akasema. Tukasubiri tena. "Nusu kichwa."

Shangazi alipiga yowe. Akaeleza huku analia: siku ile kiharusi kinampiga, kulikuwa na mteja kitini, amenyolewa nusu. Yule mteja ndiye aliyembeba mjomba hadi hospitali, na kichwa chake vilevile, nusu kina nywele nusu hakina. Nyumbani walishasahau. Mjomba hakusahau. Miezi mitano anatuambia kwamba kazi haijaisha, na sisi tunamwekea chai mbele.

Mjomba akalia mbele za watu wote. Saa Mbovu akamshika mkono.

Nilihesabu. Nusu, kichwa, na bado. Jumla matatu. Bango langu lilisema arobaini na matatu. Kwa hiyo ile tatu ya mwisho ilikuwa sahihi.

Bi Mkuu akaniita pembeni. Hakupaza sauti. Akasema niling'oe bango ukutani kwa mkono wangu, na keshokutwa niende ofisini kwake na mkuu wa idara. Nafasi ya mafunzo kapewa Saa Mbovu. Shangazi akamwomba mhadhiri amwonyeshe ile karatasi aliyosaini mjomba. Akaisoma yote, kidole kikifuata mistari. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Akaniambia, "Jumanne usije, mwanangu. Yule binti atakuja."

Nilibeba bango nyumbani kwa miguu. Lilikuwa refu, linagonga watu. Niliomba radhi njia nzima, kwa wapita njia wote. Kwa mjomba sikuomba.

Jumapili, 15 Juni

Nimeamka alfajiri. Nikaketi kumwandikia mjomba barua ya kuomba msamaha. Nilifika "Mjomba mpendwa", nikakwama, nikaona bora niitumie karatasi kwa jambo la manufaa.

Tuseme ukweli: maneno mapya mawili kwa dakika sita! Nani alimleta mgonjwa? Mimi. Nani alichora picha ya mkasi? Mimi. Mbinu hii inahitaji jina. Nimeiita Tiba ya Kimya. Saa Mbovu nitamshukuru chini kabisa, kwa herufi ndogo. Kongamano lijalo ni mwezi wa kumi na moja, na muhtasari nimeshauanza.

Kikwazo ni kimoja, sina mgonjwa. Shangazi hapokei simu.

Lakini mama, tangu asikie ya jana, hajanisemesha. Hata "karibu mezani" hakuna. Anapita na sufuria kana kwamba mimi ni ukuta. Saa ishirini na moja bila neno hata moja, na kabla ya hapo alikuwa msemaji mzuri tu.

Nimeanza kurekodi. Fomu ya ridhaa nitamwekea chini ya sahani.