Konokono Aliyepanda Basi la Suez

Alhamisi, 2 Mei

Mkutano wa Chama cha Wapenzi wa Bahari, chumba cha juu ya duka la mikate. Profesa Inshirah kaja kutoka Aleksandria na ramani yake ya konokono uchi, wale wa baharini wasio na gamba. Mwaka huu anamsaka mmoja tu. Mweupe, vidoa vya rangi ya chungwa, ukingo wa buluu kama pindo la kanzu. Mdogo kuliko punje ya haragwe. Kwao ni Bahari ya Shamu, lakini anapanda mfereji wa Suez pole pole kuja kwetu. Nukta ya kwanza ipo Suez, ya mwisho Ismailia. Kwetu Port Said patupu!

Kila nukta ina jina la aliyemwona mnyama. Dakta Lamie, yule mfamasia, jina lake limejaa kwenye ramani za miaka iliyopita. Muuza dawa ya kikohozi! Kanigeukia kwa upole akasema huenda zamu hii ni yangu. Kejeli tupu.

Miaka yote pale posta niligonga mihuri juu ya majina ya watu. Langu halijaandikwa popote. Hata mlango wa nyumba ninayoishi na dada yangu Tahani una jina la marehemu mumewe. Nataka nukta moja tu. Iandikwe Bahgat. Ni mengi hayo?

Ijumaa, 3 Mei

Asubuhi yote nimepekua mawe ya ufukweni. Nimepata kaa, kandambili moja na mafua. Konokono hakuna.

Baada ya swala nimepata akili. Konokono anakuja Port Said, Profesa mwenyewe kasema. Shida yake ni mwendo. Meli zinawabeba wenzake kila siku chini ya matumbo yao na hakuna anayelalamika. Sasa basi la abiria lina dhambi gani? Mimi simdanganyi mtu. Namharakishia mgeni safari yake.

Jumamosi, 4 Mei

Suez! Nilimwambia Tahani nakwenda kutoa pole, mwenzetu wa posta kafariki. Akauliza nani. Sikuwa nimejiandaa. Nikamtaja Abdel-Mawla wa vifurushi. Tahani akaangua kilio. Kumbe yeye na mke wa Abdel-Mawla ni mashoga, hupelekeana maandazi.

Konokono nimempata ufukweni chini ya jiwe, kajibandika juu ya sifongo nyekundu, anaila bila habari na mtu. Mzuri huyo! Pindo la buluu safi kabisa. Nikamtia kwenye chupa ya maji ya bahari na kumpakata njia nzima. Mama wa kiti cha pili aliuliza kama ni dawa ya figo. Nikasema ndiyo. Akaniombea afya.

Kurudi Port Said nikapitiliza hadi kivukoni, nikavuka mfereji hadi Port Fuad, nikamweka chini ya lile jiwe pana karibu na ngazi. Kisha nikampigia simu Lamie. Nikamwambia nina hisia fulani kuhusu mawe ya Port Fuad, aje kesho awe shahidi. Adui akishuhudia, nani atabisha?

Jumapili, 5 Mei

Lamie haji. Leo ni Pasaka yao, Wakristo wa Kikopti! Alinikumbusha kwa adabu, akasema tukutane kesho. Wala sikumpa heri ya sikukuu. Aibu imenishika mpaka masikioni.

Nimevuka peke yangu kumjulia hali konokono. Yupo, mzima. Lakini pembeni yake kulikuwa na mwingine! Mchafu mchafu, pindo lake limefifia, mwili una umanjano kama meno ya mvuta sigara. Bila shaka jamii nyingine, kapuku wa hapa hapa, asije akamchanganya Profesa. Nikamnyanyua na kumtupa kwenye mawe ya upande wa pili. Kazi ya sayansi inataka usafi.

Nyumbani balaa. Tahani kampigia simu mke wa Abdel-Mawla kumpa pole. Aliyepokea ni Abdel-Mawla. Nimelala bila chakula.

Jumatatu, 6 Mei

Sham el-Nesim, sikukuu ya machipuko. Mtu mzima mimi, mzaliwa wa Port Said, nimesahau kwamba siku hii mji mzima huhamia ufukweni na fesikh na vitunguu! Harufu ya samaki yule wa chumvi ilitupokea mimi na Lamie tukiwa bado kivukoni. Na juu ya jiwe langu, langu kabisa, kaketi bibi mmoja mnene na miguu yake ndani ya maji, ukoo wake umemzunguka.

Nikamwomba Hajati asogee kidogo, kuna jambo la kitaalamu. Akaniangalia toka kichwani hadi kwenye suruali niliyoikunja.

"Mwanangu, mimi nakaa hapa tangu babako hajaoa. Kaa ule."

Ukikataa fesikh ya watu siku hiyo umewatukana. Lamie akakaa na kula kwa raha zote. Mimi nikala huku nikipapasa chini ya jiwe, nyuma ya visigino vya Hajati. Akanifinya sikio mbele ya wajukuu. Nikamweleza natafuta konokono. Akasema wanaume wote husema hivyo.

Hatimaye nikamshika! Nikamwinua juu na kupaza sauti. Nikageuka kumwangalia Lamie anavyosawijika. Lamie hakuwa ananiangalia. Alikwenda mawe ya upande wa pili kunawa mikono harufu ya fesikh, na sasa alikuwa kainama, anatazama kitu. Yule kapuku wa jana!

Nikamwambia asijisumbue, si yeye. Akasema kwa unyenyekevu kwamba hata hivyo atampeleka kwa Profesa, kila mmoja kwenye chupa yake. Nikamhurumia.

Jumatano, 8 Mei

Siku nyeusi.

Profesa aliwaweka kwenye visahani viwili, akawaangalia kwa lenzi, mgongo, pembe, mashavu ya kupumulia. Ni jamii moja! Rangi ya mwili hufuata chakula, kumbe. Nikafurahi, nikasema basi tumempata sote. Yeye hakufurahi. Alikuwa anaangalia uchafu kwenye maji ya visahani.

"Ustadh Bahgat, wa Dakta Lamie katoa choo cha manjano. Anakula sifongo ya hapa. Wako katoa chekundu, na sifongo nyekundu haioti huku kabisa. Huyu alipata chakula chake Suez."

Nimesalitiwa na choo! Nikasema labda aliogelea haraka. Akanisogezea lenzi nijionee mwenyewe. Lenzi ile ilinishinda. Nikasema basi lilikuwa na kiyoyozi, hakuteseka.

Akaniambia bila ukali kwamba nukta moja ya uongo inazitia shaka zote za kweli, na watu watakaokuja baadaye hawatajua mnyama huyu alifika lini kwetu. Nikatamani sakafu inimeze. Kilichoniuma zaidi ni kwamba wa kweli nilimshika mimi, Jumapili, kwa vidole hivi, nikamtupa.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni Lamie aliposema.

"Profesa, bila ustadh huyu mimi siku ile ningekuwa kwangu nimelala. Yeye ndiye aliyeniita Port Fuad, na yeye ndiye aliyechagua mawe. Andika wawili."

Profesa akafikiri. Akasema ataandika, kwa yule wa manjano tu.

Nilishuka ngazi nikilia kama mtoto. Mfamasia yule! Kwa nini nimemchukia muda wote huu? Nimempelekea kilo nzima ya biskuti za sikukuu. Nimeapa mbele ya Tahani: mwisho wa hila. Mwisho kabisa.

Alhamisi, 9 Mei

Ramani imefika kwenye simu ya Lamie, kaileta mwenyewe hadi nyumbani. Nukta mpya, mlango wa mfereji: Lamie na Bahgat. Tahani kaisoma kwa sauti, kisha akaisoma tena. Abdel-Mawla kapiga simu kunipongeza. Kasema kanisamehe kifo chake.

Nimeitazama ramani mchana kutwa. Nukta nzuri. Lakini jina la pili ni la pili, tuseme kweli. Na upande wa Aleksandria, pwani yote ile, kweupe! Hakuna nukta hata moja. Wala haitachukua muda mrefu, mnyama ameshatoka mferejini, yuko njiani. Shida yake ni ile ile ya mwendo.

Nimekata tiketi ya basi la asubuhi la Suez. Kosa langu nimeshalijua, na mtu mwenye akili harudii kosa: safari hii nitamwacha kwanza ale vya Aleksandria wiki nzima, ndipo nimgundue.